Karatasi ya Mzenga

Leodegar alikuwa mtu wa karatasi. Miaka kumi na tisa alikaa masijala, katika ofisi moja ya serikali pale Kibaha, akifungua na kufunga majalada ya watu wengine mpaka akaamini kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Kwao ni Mbinga. Alikuja Pwani kwa uhamisho, akamkuta Eugenia akifundisha shule ya msingi, wakaoana, wakajenga, wakapata binti mmoja, Blessing. Mwaka juzi wakanunua gari dogo jekundu kwa mkopo wa chama cha akiba cha kazini. Chama kikaishika kadi ya gari mpaka mkopo uishe, na kikamlazimisha kukata bima kubwa.

Hakulalamika. Alilipenda lile neno, bima kubwa. Wenzake karibu wote walikuwa na bima ndogo, ile ya kumridhisha trafiki njiani, naye mchana wakila aliwaambia kwamba gari lake likipata la kupata, kampuni inabeba vyote, gari na mtu. Alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Pamoja na bima alipewa kijitabu cha masharti. Kurasa ishirini na nne, Kiingereza cha mahakamani, herufi za kusomea kwa miwani. Leodegar alikitoboa matundu mawili, akakifunga ndani ya jalada jipya, akaandika juu yake kwa mwandiko wake mzuri BIMA, akaliweka kabatini. Kukisoma hakukisoma. Mtu huyu aliyewakemea vijana wa ofisini kwa kumpelekea mkubwa jalada bila kulipitia, la kwake mwenyewe alisoma tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, basi. Tusimcheke sana, tuko wengi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba alikuwa anakwenda Mzenga kuangalia kishamba chake cha mikorosho. Ukishatoka Mlandizi barabara ni vumbi tupu wakati ule wa mwaka, na mbele yake lilikuwapo lori la mchanga. Alilifuata kwa muda akila vumbi lake, uvumilivu ukamwishia, akatoka kulipita bila kuona mbele. Bi Mwanajuma, mkazi wa Mzenga, alikuwa ng'ambo ile, pembeni kabisa mwa barabara, upande ule ambao mtembea kwa miguu anafundishwa apite, kichwani ana kiroba cha mihogo. Hakukosea hata hatua moja.

Leodegar hakukimbia. Hili apewe, maana wanaokimbia ni wengi. Yeye na dereva wa lori walimbeba yule mama wakamlaza kiti cha nyuma, akageuza gari hilohilo lenye kioo kilichopasuka, akampeleka hospitali Kibaha. Jioni akatoa taarifa polisi. Polisi walichora mchoro wao na kuandika kwamba gari limemgonga mtembea kwa miguu kwenye vumbi. Nani mkosaji, hawakuandika. Madaktari wakahangaika na mguu wa Bi Mwanajuma uliovunjika siku nane, siku ya tisa wakaukata chini ya goti.

Kila siku alipotoka kazini Leodegar alipita hospitali. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi na mume wa Bi Mwanajuma, Mzee Mwishehe, mkulima mwenye miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache. Walizungumza habari za dawa, za mvua, za bei ya korosho. Bi Mwanajuma mwenyewe alikuwa ndani, amelala, na Leodegar akiingia alisema pole mama, akaweka maji ya matunda mezani, akatoka haraka. Alishindwa kuangalia pale shuka lilipolala bapa.

Nyumbani Eugenia alikuwa halali vizuri. Alisema hawawezi kukaa tu wakingoja mambo ya ofisini, lazima waende kwa wale watu, wakae chini, waombe radhi kama binadamu. Leodegar akamfuata Mzee Latifu, dereva wa ofisi, mwenyeji wa Kibuta anayezijua mila za huko, naye akasema mkeo amesema vyema. Akawapangia kila kitu. Waende na mchele, sukari na kanga doti moja. Wavue viatu. Msemaji awe yeye Latifu, na Leodegar asifungue mdomo mpaka aulizwe.

Basi wakaenda Mzenga. Walipokelewa kwenye jamvi, chini ya kibaraza, na Mzee Mwishehe, shemeji yake Zubeir, ambaye ni kaka wa Bi Mwanajuma, na Seif, mwenyekiti wa kitongoji. Latifu alizunguka kwa maneno mpaka akafika. Alisema kijana wetu amekosa, hakukusudia, na amekuja mwenyewe bila kuburutwa. Zubeir alikuwa amekunja uso tangu mwanzo na Leodegar alidhani ndiye atakayelipuka, lakini aliyesema ni Mzee Mwishehe.

"Ungeweza kukimbia," alimwambia. "Umekuja, umekaa chini na mkeo. Sisi hatuna kinyongo nawe."

Leodegar alilia. Mwanamume wa miaka arobaini na saba alilia mbele ya watu aliowatia kilema, nao ndio wakambembeleza. Zubeir mwenyewe akamletea maji. Ikasomwa dua, ukaletwa wali na kuku, wakala sinia moja, na kama kuna siku yeye mtu wa Mbinga alijiona amekuwa mwenyeji Pwani, ni siku hiyo.

Baada ya kula Seif akatoa daftari. Kule jambo likishapatanishwa huandikwa, ili kesho asitokee mtu akasema halikusemwa. Aliandika kwamba Leodegar fulani, mkazi wa Kibaha, amemgonga Bi Mwanajuma na ameomba radhi na amesamehewa. Mistari minne. Leodegar akaomba aisome, na hapo ndipo mkono wa masijala ulipomwasha. Aliiona haijitoshelezi. Akaomba kalamu, akaongeza baada ya neno "amemgonga" maneno "kwa uzembe wake mwenyewe", na chini akaongeza kwamba anaahidi mama huyo atalipwa fidia yote anayostahili. Akatia sahihi, akamwomba mwenyekiti apige mhuri, akaomba nakala. Wale wazee walitazamana kwa heshima. Hawakuwa wamewahi kuona mtu anayejiandikia kosa lake vizuri namna ile.

Na alimaanisha. Yeye alikuwa na bima kubwa. Nani angelipa, kama si kampuni?

Jumatatu yake akaliandaa jalada la madai kama anavyoandaa majalada ya serikali, lenye orodha mbele na kila kiambatisho kina namba. Taarifa ya polisi, namba moja. Mchoro, namba mbili. Leseni, nakala ya kadi, cheti cha daktari. Na kwa kuwa jalada pungufu lilikuwa linamkera kuliko kitu chochote, nakala ya karatasi ya Mzenga akaiweka pia, namba sita. Hakuna aliyemwomba.

Gari lilitengenezwa ndani ya wiki tatu. Kampuni ilituma mtu akalipiga picha, likaenda gereji, likarudi na kioo kipya, bampa jipya, taa mpya na rangi iliyong'aa kuliko ile liliyokuja nayo kutoka Japani. Majirani walimsifu. Bi Mwanajuma wakati huo alikuwa amerudishwa Mzenga na magongo mawili ya mbao, na fundi wa miguu ya bandia alishasema kidonda kikikauka aje apimwe, asikawie, kwani paja likizoea kulegea kazi inakuwa ngumu. Mshahara wa masijala haununui mguu. Eugenia aliuliza kama gari haliuziki, Leodegar akamkumbusha kwamba kadi iko kwa chama, na kwamba hakuna sababu ya kuuza kitu, kwani bima itamlipa yule mama mguu, na shamba ambalo hawezi tena kulilima, na maumivu yake yote. Wavute subira tu.

Badala yake akaitwa ofisini kwa kampuni ya bima, Maili Moja, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimkuta kijana mmoja nadhifu aitwaye Ipyana, anayeshughulikia madai, ambaye aliinuka, akamwamkia, akamvutia kiti. Jalada la Leodegar lilikuwa mezani. Ipyana alilisifu kwanza. Alisema kwa miaka minne hajaona mteja aliyeleta madai yamepangika hivi. Kisha akafungua kiambatisho namba sita, akauliza kama sahihi ile ni yake.

Leodegar akasema ni yake, na maneno yale pia ni yake.

Ipyana akachukua kijitabu cha masharti, kilekile ambacho Leodegar alikuwa nacho kabatini, akakifungua ukurasa wa kumi na saba. Akasoma Kiingereza, halafu akakitoa kwa Kiswahili pole pole. Mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo, asilipe wala asipatane na mtu yeyote kuhusu ajali bila kampuni kumruhusu kwa maandishi. Akifanya hivyo, kampuni inaweza kukataa kumlipa aliyeumia. La gari ni jingine, gari limelipwa kwa kifungu chake, hilo wamelimaliza.

"Lakini nilimgonga," Leodegar alisema.

"Sisemi hukumgonga, mzee wangu. Nasema hukutakiwa kusema."

Kijana yule hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo ilipouma. Alieleza kwamba mtu akiumizwa, kampuni ina haki ya kusimama mahali pa dereva na kubishana, kupima kosa ni la nani na kwa kiasi gani. Dereva akishakiri, amewanyang'anya hiyo haki. Leodegar akauliza sasa alitakiwa afanye nini, akae kwenye jamvi la watu, ale wali wao, akiulizwa kosa la nani aangalie pembeni? Ipyana akasema wengine wanatoa pole, wanapeleka sukari, wanarudi, na inawezekana. Leodegar alimtazama akiwaza kwamba kumbe kwenye kurasa zile ishirini na nne kulikuwa na mahali palipokataza uungwana, na yeye alipatoboa matundu bila kupasoma.

Alikuwa ameshainuka kuondoka Ipyana alipomwomba akae tena. Akapunguza sauti. Alisema yeye hamfundishi mtu la kusema, ila kila mwezi wanapata karatasi za namna hii kutoka vijijini, na nyingi zimesainiwa kwa hofu. Dereva amezungukwa, wananchi wana hasira, kuna mapanga, mtu anasaini chochote ili atoke mzima. Karatasi ya namna hiyo si kukiri. Hiyo huwekwa kando, na madai yanaendelea kama kawaida. Kampuni huwa inatuma mtu akathibitishe, wanakijiji wakikubali kwamba siku hiyo palichafuka, basi. Kisha akauliza, kwa adabu ileile, kama Leodegar siku ile hakuogopa.

Aliogopa. Uso wa Zubeir ulimwogopesha. Alishuka ngazi akilishika hilo moja la kweli, na kufika nyumbani lilikuwa limeshazaa mengine.

Hakumwambia Eugenia. Aliandika siku hiyohiyo, kwenye meza ya kulia chakula, kwa mwandiko uleule. Kwamba alizungukwa na wananchi wenye hasira. Kwamba baadhi yao walikuwa na mapanga. Kwamba kaka wa majeruhi alimtolea maneno ya vitisho, na kwamba maneno ya kukiri aliyaandika ili kuokoa maisha yake na ya mkewe. Alijiambia ni kwa ajili ya Bi Mwanajuma. Na kweli ilikuwa kwa ajili yake, sitaki kumzulia. Lakini mtu akishajiona anatenda wema huwa haangalii tena anamkanyaga nani.

Alipanga kwenda Mzenga Jumamosi ile kuwaeleza wazee, kwamba atakuja mtu, kwamba wakiulizwa waseme ndiyo, kwamba ni neno tu la kuufungua mlango. Jumamosi ilipofika akakumbuka ile sinia, na Zubeir akimpa maji kwa mikono miwili, akashindwa kujiona akiwaambia amewaandika wahuni. Akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata akaenda msibani ambako wala hakutakiwa. Ya tatu akasema gari linataka matengenezo. Gari jipya vile.

Mtu wa kampuni hakungoja Jumamosi za Leodegar. Alikwenda Mzenga siku ya Jumatano, na baada ya siku kumi barua ikafika masijala, ikiwa na jina la Leodegar juu. Ilisema mume wa majeruhi na mwenyekiti wa kitongoji wamehojiwa, wote wamekana kwamba mdai alitishwa kwa namna yoyote, na wameeleza kuwa alipokelewa vizuri na akalishwa. Kwa hiyo kukiri kwake kulikuwa kwa hiari. Kampuni haitamlipa majeruhi. Jalada limefungwa.

Alikwenda Mzenga peke yake safari hii. Gari aliliacha mbali barabarani, akatembea. Bi Mwanajuma alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anamenya mihogo, magongo yameegemezwa ukutani, na Leodegar kwa aibu aliinamisha kichwa akampita, akaingia kibarazani alikokuwa Mzee Mwishehe, akamwamkia. Mzee aliitikia. Akamwonyesha kiti cha plastiki. Jamvi lilikuwapo, limekunjwa kando.

Mzee Mwishehe alianza mwenyewe. Alisema yule bwana alimsomea ile karatasi ya pili yote, taratibu, na akairudia ile sehemu ya mapanga. Alisema hakukasirika kwanza, alidhani amekosea nyumba. Akamuuliza yule bwana, huyu Leodegar anayeandika hivi ni huyu aliyekula hapa?

"Ukamjibu nini, mzee?"

"Nilimjibu kweli. Ulitaka nimjibu nini?"

Hapo Leodegar akaeleza. Aliueleza ukurasa wa kumi na saba, akaeleza kosa la karatasi ya kwanza na kazi ya karatasi ya pili, akaeleza kwamba neno moja tu la ndiyo, pale alipoketi yule bwana, ingeleta mguu na zaidi ya mguu. Alieleza vizuri, alikuwa amejizoeza njia nzima. Mzee Mwishehe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata angeambiwa mapema asingesema. Kwa umri wake, na Zubeir ni mtu anayeadhini msikitini, hawezi kumwambia mgeni kwamba wao walimtolea mtu panga akiwa amekuja kuomba radhi. Bora wakose. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na Leodegar akamwonea wivu mtu ambaye kwake jambo ni rahisi kiasi hicho.

"Mimi ningesema," Bi Mwanajuma alisema kutoka mlangoni.

Wote wawili wakageuka. Alikuwa hakuacha kumenya.

"Ningesema mapanga yalikuwapo, tena mengi. Ningemtaja mpaka aliyeyanoa. Mungu ningekutana naye mwenyewe na mguu wangu mmoja." Alitupa ganda, akachukua muhogo mwingine. "Mlikaa hapa mkasamehe, mimi niko wodini. Mkaandika, mimi niko wodini. Yule bwana amekuja, nimekaa hapahapa, akaniuliza mwenye nyumba yupo. Nikamwitia. Na wewe leo umenipita kama kigoda."

Mzee Mwishehe alisema jina la mkewe, taratibu.

"Mguu ulikuwa wangu," Bi Mwanajuma alisema. "Mngeniuliza."

Leodegar aliinuka. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama mbele yake, akainama, akamwamkia shikamoo mama, kama alivyopaswa alipokuwa anaingia. Bi Mwanajuma alimaliza kumenya muhogo ule, akauweka bakulini, akachukua mwingine. Leodegar akabaki ameinama, akingoja marahaba.